Nyuzi Bapa za Besi Baada ya Miezi Saba ya Joto la Dar es Salaam

Hamjambo, watazamaji wangu, na karibuni tena. Leo sitaanza na pakiti, nitaanza na kelele, kwa hiyo naomba muongeze sauti kidogo na msikilize. Hicho mlichokisikia ni kidole changu kikiteleza kutoka freti ya tano, yaani kichuma cha tano kati ya vile vilivyolala kwa upana wa shingo, hadi ya pili kwenye uzi wa A wa gitaa hili la besi la kwanza, na sijapiga noti yoyote. Kwaruzo lile, linalofanana na mtu anayefunga zipu ya begi karibu na maikrofoni, limenikera kwa miaka mingi kila ninaposikiliza rekodi zangu mwenyewe. Sasa ninachukua gitaa la pili, ninatumia kidole kilekile, kwenye uzi wa A, kutoka freti ya tano hadi ya pili. Hamjasikia kitu, na spika za simu zenu hazijaharibika.

Tofauti kubwa kati ya magitaa haya mawili ni nyuzi. Hili la kwanza lina nyuzi za mviringo za nikeli, ambazo ndizo karibu kila mpiga besi hapa mjini anazo. Hili la pili lina nyuzi bapa, ambazo wauzaji huziita flatiwaundi, na hizi ni D'Addario Chromes za unene wa 45 hadi 100, zilizokaa hapa miezi saba bila kutolewa hata siku moja. Niliwaahidi uchambuzi huu tangu kabla ya masika nikachelewa, kwa sababu mbili: msimu wa harusi ulinibana, na sikutaka kuwaeleza habari za nyuzi nilizozipiga kwa wiki moja tu, maana uzi wowote mpya hulia vizuri wiki ya kwanza.

Majina ya nyuzi nne, E, A, D na G, mnayajua, kwa hiyo tuyapite twende kwenye umbo lake. Kila uzi wa besi una kiini cha chuma katikati, na kiini hicho kimezungushiwa kitu kingine ili kuongeza uzito, kwa kuwa uzi mzito huvuma chini bila kulegea kama kamba ya kuanikia nguo. Katika uzi wa mviringo, kinachozungushwa ni waya wa duara, na ndiyo maana nikipitisha ukucha hapa mnasikia matuta yake moja baada ya jingine. Katika uzi bapa, kinachozungushwa ni utepe wa chuma kisichoshika kutu, kisha uso wake hung'arishwa mpaka unakuwa laini kama fimbo iliyopigwa msasa. Ninapitisha ukucha tena, nao unateleza tu. Utepe huo ndio unaobadilisha mlio, mguso, bei, na hata muda ambao nyuzi zitakaa kabla hazijafa.

Sasa naomba msiondoke, kwa sababu jaribio linalofuata ndilo lililonifanya niwashe kamera. Ninapiga E wazi kwenye gitaa la kwanza na kuiacha ivume huku nikihesabu kwa sauti ya chini, na nimefika kumi na nne kabla haijapotea. Ninarudia kwenye gitaa la pili, kwa nguvu ileile, na nimefika tisa. Mtu akisikia hivyo atasema kwamba nyuzi bapa zimeshindwa, na mimi mwenyewe nilidhani hivyo siku ya kwanza, nikataka kuzirudisha dukani. Lakini sikilizeni noti ileile ndani ya mwendo wa rumba, ambapo besi inaruka, inatua, kisha inanyamaza robo ya pigo ili ngoma ipumue. Kwenye gitaa la kwanza lazima nizime kila noti kwa kiganja cha mkono wa kulia, la sivyo mkia wake unaingia katika noti inayofuata. Kwenye gitaa la pili noti inajizima yenyewe, inafanya tumbo la wimbo lidunde na kisha inaondoka, na mkono wangu unabaki huru kucheza.

Ninarudia mara ya tatu, polepole zaidi, ili msikilize upande wa juu wa sauti. Gitaa la kwanza lina mng'ao kama wa kinanda, ambao ukiwa chumbani peke yako unapendeza mno. Lakini katika bendi ya dansi hauko peke yako: kuna gitaa la solo na la ridhimu, nayo yanaishi hukohuko juu unakong'aa wewe, na sebene ikianza kila mtu anagombea dirisha moja. Nyuzi bapa zinakuondoa katika ugomvi huo, kwa kuwa nguvu yake yote iko chini na katikati. Fundi mitambo wa bendi yetu, ambaye kwa kawaida hanisifu, alikuja mapumzikoni kuniuliza nimebadilisha amplifaya gani.

Wengine wataona kama nimegundua jambo jipya, kumbe nimerudi nyuma tu. Besi ya umeme ya Fender Precision ilipotoka mwaka 1951 ilifungwa nyuzi bapa. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, alitumia nyuzi bapa nene za La Bella kwenye Precision yake ya 1962, alipiga kwa kidole cha shahada peke yake, na inajulikana kwamba hakubadilisha uzi mpaka ukatike. Mng'ao ulikuja baadaye, mwaka 1966, pale Rotosound ya Uingereza ilipotengeneza nyuzi za mviringo za Swing Bass 66 pamoja na John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya roki ya The Who, ambaye alitaka besi yake ilie kama nyuzi za chini za piano. Tangu hapo dunia ilihamia huko, na hata Jaco Pastorius, mpiga besi maarufu wa Marekani, alifunga nyuzi hizohizo za mviringo kwenye besi yake isiyo na freti, ingawa ilimlazimu kupaka ubao wa vidole gundi ngumu ya epoksi ili waya usiuchimbe. Kama nanyi mna besi isiyo na freti na hamna epoksi, nyuzi bapa zitautunza ubao wenu.

Turudi kwetu pwani, kwa sababu mambo ya jasho hayazungumzwi vya kutosha na wachambuzi wanaopiga gitaa kwenye vyumba vyenye baridi. Mimi hupiga saa tatu au nne katika ukumbi wazi, usiku wa joto, na shati hubana mgongoni kabla ya wimbo wa pili. Yale matuta ya uzi wa mviringo ni mitaro, na mitaro hiyo hujaa jasho, mafuta na ngozi ya vidole, mpaka uzi unakuwa mzito mahali pamoja na mwepesi mahali pengine, na hapo hata kutuni kunakuwa tabu, kwa sababu E iliyo sawa ikiwa wazi inakuwa imepinda kwenye freti ya 12. Kwangu mimi, nyuzi za mviringo hufa baada ya miezi miwili hivi. Nimewahi kuzichemsha, kama wanavyofanya wengi, na ninakiri kwamba zinafufuka, ila ufufuo huo ni wa siku chache, na mama watoto ameniambia waziwazi kwamba sufuria ya maharage si karakana. Nyuzi bapa hazina mitaro ya kutosha uchafu kujificha. Ninazifuta kwa kitambaa kikavu nikimaliza kupiga, basi. Zile zilizopakwa utando mwembamba wa plastiki, kama Elixir, nazo hustahimili jasho vizuri, na kwa anayetaka mng'ao udumu huku kwetu ndizo ningemwelekeza, ingawa bei yake nayo si ya kuchezea.

Kuhusu bei, sitawaficha: nyuzi hizi nilizilipia zaidi ya mara mbili ya zile za nikeli, na mkono ulinitetemeka kidogo. Lakini pigeni hesabu pamoja nami. Katika miezi saba ningekuwa nimenunua seti tatu za mviringo, na hapa nimenunua moja, ambayo inaelekea kumaliza mwaka na mlio wake unazidi kuiva. Wapinzani wake ni ghali zaidi. La Bella zile za Jamerson zina mlio mzito na mkavu ambao huenda ni bora kuliko huu kwa muziki wa zamani, na Thomastik-Infeld za Vienna ni laini sana chini ya vidole, hazivuti shingo kwa nguvu. Kama vidole vyenu havipendi ugumu, wekeni akiba mzipate hizo, kwa sababu nyuzi bapa za unene huu wa Chromes zina mvuto mkubwa, na wiki ya kwanza nililazimika kuzizoea upya kama mwanafunzi.

Mvuto huo una gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye pakiti. Kila uzi wa besi huvuta shingo kwa nguvu inayokaribia kilo ishirini, kwa hiyo seti yenye mvuto zaidi huikunja shingo kuelekea mbele, na nyuzi zote zinainuka juu ya freti. Ninabonyeza uzi huu kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha ninatazama nafasi iliyobaki juu ya freti ya saba: inatosha kupitisha kadi nyembamba ya biashara, na hivyo ndivyo ninavyotaka. Siku niliyozifunga, ingepita hata kadi ya benki. Niliikaza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo robo mzunguko tu, nikaiacha ilale usiku kucha, nikapima tena asubuhi. Msizungushe zaidi ya robo kwa mara moja, na kama kuna kitu kinakataa kuzunguka, mpelekeeni fundi.

Kuna jambo ambalo nikilikumbuka hasira inarudi. Duka moja, ambalo sitalitaja, liliniuzia seti iliyoandikwa kwamba ni ya wastani, nami nikadhani ni unene wa wastani, na muuzaji naye akaapa hivyo. Kumbe neno lile lilihusu urefu. Besi nyingi tunazopiga zina inchi 34 kutoka kwenye nati, kile kipande chenye mifereji kinachoshika nyuzi mwisho wa shingo, hadi daraja, zinakofungwa kwenye kiwiliwili, lakini kuna besi za inchi 32 na za inchi 30, nazo zina nyuzi zake. Nilipoufunga ule uzi wa E, sehemu yake nene iliishia kabla ya kufika kwenye nati, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaukata, hakuna aliyekubali kuurudisha. Kwa hiyo kabla ya kulipa someni mahali pawili: unene, ambao huandikwa kwa sehemu za elfu za inchi, hivi kwamba 100 ni milimita mbili na nusu, na urefu, ambao kwa wengi wenu lazima uwe mrefu. Mkinunua D'Addario, ndani ya pakiti kuna namba ya kuhakiki kwenye tovuti yao kama ni halisi, na mimi sasa siifungi seti kabla sijaiingiza. Nyuzi bapa pia msizipitishe nyuma ya kiwiliwili cha gitaa hata kama matundu yapo, kwa sababu utepe hauupendi mkunjo mkali. Na mwishoni, pindeni uzi kwanza kwenye kigingi cha kutunia, ndipo mkate.

Kuna ndugu aliyeniandikia akisema kwamba habari hizi zote za nyuzi ni uvivu wa mazoezi, na kwamba mchagua jembe si mkulima. Ndugu yangu, nimekusikia, na kwa nusu uko sahihi. Lakini mkulima huyohuyo hapalilii kwa shoka.

Na hapa lazima nipunguze shauku niliyoanza nayo, kwa kuwa nilikuwa karibu kuwaambia wote mzinunue. Nikipiga kwa dole gumba, ule mtindo wa kugonga na kufyatua, sikilizeni: gitaa la kwanza linapasua kama fataki, na hili la pili linatoa mlio wa mtu anayegonga mlango wa mbao akiwa na glovu. Mnaopiga kwaya za kisasa, hasa wenye besi za nyuzi tano, mnahitaji ile B ya chini isomeke, na mvumo wake wa takribani mizunguko 31 kwa sekunde hausikiki kwenye spika ndogo bila ule mng'ao wa juu unaoliambia sikio kuna noti gani hapo. Nimejaribu nyuzi bapa kwenye besi ya nyuzi tano ya rafiki yangu, na ile B ilikuwa blanketi. Jumapili, kanisani, mimi mwenyewe hubeba gitaa la kwanza. Ijumaa na Jumamosi, kwenye dansi, silibebi kabisa.

Habari ya chaneli ni moja: video zitakuwa zinatoka Jumatano badala ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu nahitaji kulala. Wiki ijayo nitafunga nyuzi zilizozungushiwa nailoni nyeusi kwenye gitaa hili la kwanza, ambazo zinaonekana kama waya za umeme na ambazo nimezikuta kwa bei ya kushangaza, kwa hiyo kama mna maswali kuhusu hizo yaandikeni sasa kabla sijakata chochote. Zile za nikeli nitakazozitoa nitazikunja na kuziweka kwenye bahasha yenye tarehe. Jumapili haiko mbali.