GPS ya bei nafuu iliyoniingiza kwenye miwa kule Chemelil

Nilinunua GPS hii ya gari kwenye duka moja la vifaa vya magari hapa Nakuru, na naandika nikiwa bado na hasira. Mambo ya skrini na betri yameandikwa kwenye boksi, someni wenyewe. Mimi nataka kusema ilichonifanyia baada ya Awasi, kwenye barabara ya Kericho kwenda Kisumu.

Kazi yangu ni kusafirisha vifaranga wa siku moja. Kifaranga wa umri huo anaweza kukaa bila chakula kwa sababu bado ana kiini cha yai tumboni, lakini baridi na maji humuua upesi. Masika yaliyopita nilikuwa na mteja upande wa Miwani, nikaondoka Nakuru mchana na mzigo umejaa.

Hadi Kericho sikuwa na neno. Tena nitasema ukweli: pale Mau Summit ukungu ulikuwa mzito, huoni lori mpaka liko mbele yako, na kifaa kikawa kinanionyesha kila kona kabla sijaifikia. Simu yangu hupoteza mtandao sehemu za huko. GPS haitaki bando, ramani iko ndani ya kadi yake na ishara ya setilaiti ni ya bure. Wakati ule ningemshauri kila dereva ainunue.

Awasi nikakata kulia kuelekea Chemelil. Lami ipo pale, ungefika Chemelil ndipo ushike njia ya Miwani, basi. Giza likianza kuingia, sauti ikaniambia nigeuke kushoto. Kwenye mipangilio nilikuwa nimeiagiza iepuke barabara za udongo, nami nikageuka. Mwanzoni palikuwa na muramu nzuri. Mbele kidogo muramu ukaisha, ukaanza ule udongo mweusi wa Kano, na mvua ilikuwa imeshaunyeshea. Gari likateleza, likazama, miwa huku na huku, hakuna nyumba wala taa. Na ile sauti bado inasema niendelee moja kwa moja!

Aliyenitoa ni dereva wa trekta la miwa. Alifunga mnyororo akaniambia, "Mama, hii si barabara. Ni njia yetu ya kutolea miwa shambani, na mvua ikinyesha hata sisi tunaiogopa." Mungu ambariki popote alipo. Nilipofika kwa mteja, maboksi ya chini yalikuwa yamelowa na vifaranga wengi wamekufa. Alilipia waliokuwa hai tu, na ni haki yake.

Nikairudisha dukani. Kijana wa kaunta hata hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Mama, GPS si dereva. Ulitaka ikushike mkono?" Wateja wengine wamesimama wanasikia. Sijamkosea kijana huyo lolote, nina umri wa mama yake, na nilikuwa na risiti mkononi. Halafu akaongeza kwamba ramani iliyomo ni ya zamani, nikitaka mpya nilipie. Kumbe alijua! Alijua siku aliponiuzia, akanyamaza. Baadaye nikaelewa kwa nini pale Kondele, Kisumu, ilikuwa inanitaka nizunguke raundabauti, ilhali daraja la juu tumelizoea.

Setilaiti siwezi kuzilaumu. Kifaa kikiziona nne tu kinajua kilipo, na pale matopeni alama ya gari langu ilikuwa mahali pake kabisa. Ramani ndiyo mbovu. Njia ya trekta imechorwa bila kuelezwa kama ni lami au udongo, basi kifaa kinaihesabu kama barabara nyingine yoyote, na ule mpangilio wa kuepuka udongo haufanyi kazi. Ramani za bure zipo, OpenStreetMap huchorwa na watu wa kujitolea tangu 2004, na kuna vifaa vinavyozikubali. Changu hakikubali.

Nilikuwa nimeamua kusema msinunue kabisa. Lakini kwa anayekwenda Eldoret au Kericho kwa barabara kuu, hasa usiku wenye ukungu, kinasaidia, na kwa bei ile hutapata kingine cha kukuonyesha kona bila bando. Hapana, ngoja. Bei ile haina maana kama nitalipa tena ndipo nipate barabara zilizopo. Pesa niliyoipoteza kwa vifaranga peke yake inazidi bei ya kifaa chenyewe. Ukilazimika kununua, kiwashe hapo hapo dukani, tafuta barabara mpya unayoijua mwenyewe, na kama haimo usitoe shilingi.

Mwenye duka aliahidi kunipigia simu kuhusu ile ramani. Mpaka leo hajapiga, na pesa ya ramani sitoi.