Darasa la rilei la watu wazima huku Thika Road, nendeni tu

Kama unajua kuogelea kiasi na umechoka kwenda na kurudi majini peke yako, kuna darasa la rilei, yaani kuogelea kwa kupokezana kama timu, Jumamosi asubuhi kwa bwawa moja huku upande wa Thika Road na mimi nalipenda sana. Mia nane kila kipindi, unalipa na M-Pesa getini. Maji ni baridi, Julai ndio usiseme, na vyumba vya kubadilishia nguo ni vichache, hapo waongeze.

Lakini kocha jamani!! Anatuonyesha kwa simu fainali ya 4x100 fristaili (watu wanne, kila mmoja mita 100) ya Olimpiki ya Beijing 2008, anaisimamisha kila mahali anaeleza. Jason Lezak wa Marekani, miaka 32, anaruka wa mwisho akiwa nyuma ya Alain Bernard kwa sekunde 0.59, na huyo Mfaransa alifika Beijing akiwa ndiye mwenye rekodi ya dunia ya mita 100, wanageuka ukutani pengo limezidi, kumbe Lezak amejisogeza karibu na kamba inayotenganisha njia zao anavutwa na wimbi la Bernard, mita za mwisho anamfikia anampita. Mita zake 100 ni 46.06, Marekani wakashinda kwa 0.08!

Siku chache baadaye, akiogelea peke yake, huyohuyo alipata 47.67 na shaba, sawa na Cielo wa Brazil. Sehemu ya hiyo tofauti ni kupokezana, na hapo ndipo kocha anakaa sana: kwa rilei hungoji mlio, unaanza kurusha mikono mwenzako akiwa bado anakuja, vidole vya miguu vinaachia kibao cha kurukia yeye akigusa ukuta. Ukiwahi mnaondolewa timu nzima. Tunarudia hiyo kitu mpaka mapaja yanawaka, na kocha anainama hapo kando akiangalia miguu ya kila mtu, hakuna anayeachwa.

Pia anapenda kutukumbusha Lezak alikuwa amepoteza hii rilei mara mbili, Sydney 2000 Australia wakawashinda, Athens 2004 wakabaki na shaba na dhahabu ikaja kwetu Afrika, Afrika Kusini wakiweka rekodi ya dunia. Mimi hapo huwa napiga makofi kabisa.

Wenye bado mnaogopa maji marefu anzeni na darasa la Jumapili, hili litawachosha. Na fikeni kabla ya saa mbili, nafasi zinajaa haraka.