Kamomaili, mchaichai na ule unga wa kahawia: kipi cha kununua kwa ajili ya wasiwasi

Ukiulizia dawa ya wasiwasi kwenye masoko ya Mbeya na Iringa, utaonyeshwa maua makavu ya kamomaili, mchaichai, au unga wa kahawia usio na lebo. Cha kununua ni maua.

Chukua mazima, si vumbi la kwenye vipakiti. Pasua ua moja kwa ukucha: kitovu cha njano cha kamomaili ya dawa kina uwazi ndani. Kikiwa kimejaa, umeuziwa ua jingine. Kisha linuse. Harufu iwe kama ya tufaha. Likinuka nyasi kavu limekaa mno, liache hata ukipunguziwa bei.

Kipimo ni gramu 3 hivi, vijiko viwili vya chakula, kwa kikombe cha mililita 200. Mbeya mjini maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 tu, na baridi ya Juni hupoza kikombe upesi. Kwa hiyo kipashe kikombe kwanza, mimina maji yakiwa bado yanatokota, funika na kisosi dakika 10. Matone yaliyonata chini ya kisosi yarudishe kikombeni, yamebeba mafuta ya ua. Wengi hukosea kwa kuyachemsha maua sufuriani na maziwa kama chai ya asubuhi. Harufu inayojaa jikoni ndiyo dawa inayopotea.

Usitarajie makubwa lakini. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wa 2016 uliona nafuu ya wasiwasi kwa vidonge vya kamomaili vya miligramu 500 mara tatu kwa siku, na chai si vidonge. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiinywe. Mwenye mzio wa alizeti naye ajihadhari, ni mimea ya ukoo mmoja.

Mchaichai unywe kwa utamu wake. Kama dawa ya wasiwasi, ushahidi ni hafifu.

Unga ule, hapana. Muuzaji asiyeweza kutaja mmea uliosagwa hawezi kukuambia utagongana na dawa gani. Ukikulaza usingizi ndani ya dakika chache, shuku kwamba umechanganywa na vidonge vya hospitali. Hata chenye lebo kisome: Hypericum perforatum, mmea uitwao pia St John's wort, hupunguza nguvu ya ARV na ya vidonge vya uzazi wa mpango.

Na moyo ukienda mbio, mikono ikitetemeka, mwili ukikonda huku shingo ikivimba, nenda ukapimwe tezi ya shingo kabla ya kununua chochote.