Mabuti Marefu kwa Sisi Wafupi: Tazama Linapoishia, Kisigino Baadaye

Haya jamani, karibuni. Mezani leo nina jozi tatu za mabuti marefu, na wa kuyavaa ni mimi mwenyewe: futi tano na inchi moja, mguu namba 36, vigimbi vya kurithi kwa bibi. Sijaazima mwanamitindo. Nikikwambia buti linamkaa mtu mfupi, utaliona kwenye mguu mfupi. Wenye futi tano na inchi nne kushuka chini, ambao mtaani wanatuita vipotabo, sogeeni karibu. Warefu mnaweza kukaa mtazame, hakuna kiingilio.

Msimu wenyewe ndio huu. Arusha tupo kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Agosti kuna asubuhi unatoka nyumbani, Mlima Meru huuoni kabisa, umefunikwa na wingu mpaka saa nne. Ndugu zetu wa Moshi mjini wako chini ya mita 1,000, kwao buti refu saa nane mchana ni adhabu. Watalivaa jioni, au siku wanayopanda Marangu kusalimia wazee.

Sasa sikilizeni. Ukifika pale soko la Kilombero, hapa Arusha, kwenye viatu, muuzaji akikutazama tu kimo chako, mkono wake unaenda moja kwa moja kwenye mchuchumio. "Anti, wewe chukua hili, litakunyanyua." Kisigino kinanyanyua, sikatai. Lakini buti refu likiishia pabaya mguuni, hata ulipe sentimita kumi za kisigino bado utaonekana umemezwa. Mimi naangalia mdomo wa buti kwanza. Unaishia wapi? Kisigino nakijadili baadaye.

Chukua futikamba, ile ya fundi cherehani. Kaa kwenye kiti, nyayo zimelala sakafuni, bila viatu. Pima kutoka sakafuni mpaka kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Mimi napata sentimita 38. Ondoa upana wa vidole viwili, maana goti linahitaji nafasi ya kukunjika. Nabaki na 34, 35 hivi. Hiyo ndiyo namba yangu, na naijua kama ninavyojua namba ya simu. Buti lenyewe unalipima kwa nje, kuanzia pale soli inapokutana na kisigino, unapanda mpaka mdomoni. Mabuti mengi ya kufika gotini yanatengenezwa na urefu wa sentimita 36 mpaka 40. Umeona shida ilipo? Lile linaloitwa la kufika gotini, kwangu linavuka. Nikikaa kwenye daladala mdomo unanichoma nyuma ya goti, nikitembea ngozi inakunjamana kifundoni kama soksi iliyolegea.

Na kuna jambo la pili ambalo wengi wanadhani ni unene. Unavuta zipu, inakwama katikati, huku juu mdomoni pamebaki nafasi ya kutia mkono mzima. Unaambiwa una miguu minene. Si kweli! Buti lilichorwa kwa mguu mrefu, sehemu yake nyembamba ya kifundo inapanda juu zaidi kuliko kifundo chako. Shavu la mguu wako linakutana na buti mahali ambapo buti bado ni jembamba, na mahali lilipopanuka, wewe tayari umeshafika gotini. Kupungua kilo hakutasaidia hapo. Tafuta buti fupi zaidi, basi.

Tuanze na hili la kwanza. Ngozi halisi, kahawia iliyokolea, mtindo wa wapanda farasi, soli bapa yenye kisigino kidogo. Mtumba, shilingi 45,000, muuzaji alianzia 70. Tazameni urefu: 35. Kuna siri hapa. Mabuti ya farasi ya ngozi yakiwa mapya hununuliwa marefu kidogo makusudi, kwa sababu yakishavaliwa ngozi inajikunja kifundoni na buti linashuka sentimita mbili tatu. Ukilipata mtumba, kazi hiyo ameshaifanya mtu mwingine. Urefu unaoupima sokoni ndio utakaobaki nao.

Ngoja nivae. Mnaona, linabana mguu bila kuukaba, kidole kimoja kinaingia mdomoni. Hicho ndicho kipimo changu: kidole kimoja ndiyo, ngumi hapana. Kisigino hakifiki hata sentimita tatu, na bado mguu unaonekana umeenda juu, kwa sababu hakuna kilichoukata. Hakuna mkanda kifundoni, hakuna bizimu kubwa ya kung'aa. Zile bizimu za pembeni ni nzuri kwa picha, ila kila moja ni mstari wa kukuvunja mguu vipande.

Halafu ukienda kwenye mtumba wa namna hii, usiishie kwenye fungu la wakubwa. Chimba fungu la watoto. Nasema kweli. Watoto wa Ulaya wanaojifunza kupanda farasi wanafika namba 36, 37, na buti lao ni fupi na jembamba kuliko la mama mwenye mguu namba ileile. Hapo Kilombero, au soko la Memorial kule Moshi, fungu la watoto watu wanalipita tu, na bei yake iko chini.

La pili ni hili la kuvuka goti. Jipya, la dukani, 85,000. Kitambaa cha kuvutika, kinafanana na ile ngozi ya manyoya mafupi lakini si ngozi. Watu wanasema mtu mfupi asiguse buti la kuvuka goti. Mimi sikubaliani. Likiwa limebana na linaishia vidole vinne juu ya goti, likavaliwa na taiti ya rangi ileile, mguu unakuwa mstari mmoja mweusi kutoka chini hadi juu, na mtu hajui goti lako liko wapi. Tatizo la hili ninaloshika ni kwamba kwa mwanamke wa futi tano na nusu linaishia hapo kwenye vidole vinne, kwangu linakwenda mpaka nusu ya paja. Paja linaisha, mguu unaisha, na mimi naisha. Na linashuka. Nimezunguka nalo mjini, nimesimama kulivuta kila kona. Ukiwa unalo tayari, vaa juu ya taiti ya pamba, siyo stokingi ya nailoni inayoteleza, na tafuta lenye kamba ya kufunga nyuma. Kampuni ya Stuart Weitzman ina buti maarufu, linaitwa 5050, mbele ngozi, nyuma kitambaa cha kuvutika; mtindo huo umeigwa sana, na ukikutana na mfano wake kwenye belo, ujaribu. Upande wa nyuma unafuata mguu wako, mbele inabaki imesimama.

La tatu, na hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Buti la kauboi. Mtumba pia, 38,000. Mengi ya haya yana urefu wa inchi 11 mpaka 13, yaani sentimita 28 mpaka 33. Kwa mwanamke mrefu linaishia katikati ya shavu la mguu, na hapo ndipo pabaya kuliko pote, maana linakata mahali panene. Hili langu ni sentimita 31. Tazameni kwangu: limeshavuka shavu la mguu, limebakiza kidogo tu kufika gotini. Kwa hiyo lile ambalo dukani litaitwa la katikati, kwetu sisi ndilo buti refu! Mdomo wake umechongwa kwa mbele, una bonde, na bonde hilo linavuta macho juu. Ncha yake imechongoka bila kuzidi. Kisigino cha kauboi kimesimama kwa mshazari, sentimita nne, unatembea nacho kutoka Mnara wa Saa mpaka stendi bila kulalamika.

Kasoro yake ni mdomo mpana. Halina zipu, unavuta kwa vishikio vya pembeni, kwa hiyo lazima liwe na nafasi ya mguu kupita. Kwenye miguu myembamba linaning'inia. Dawa ni sketi ndefu inayofunika mdomo. Na likiwa jipya, kisigino cha mguu wako kitapanda na kushuka kidogo ndani. Usiogope, soli ikishalainika inaacha.

Kabla hamjatoa hela, geuzeni soli. Tangu mwaka 1994 Umoja wa Ulaya una agizo kwamba kila kiatu kinachouzwa kwao kiwe na alama za vifaa vilivyotumika, upande wa juu, ndani na soli. Alama ya ngozi ya mnyama iliyotandazwa ni ngozi halisi. Ikiwa na umbo la almasi katikati, ni ngozi iliyopakwa kitu juu. Almasi peke yake ni vifaa vingine, mara nyingi plastiki. Mfumo wa nyuzi zilizofumwa ni kitambaa. Mara nyingi alama hizo bado zinasomeka hata kwenye mtumba, na muuzaji hawezi kubishana nazo.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu ngozi ya bandia yenye poliyurethani inaoza kwa unyevu wa hewa hata ikikaa kwenye boksi. Inang'aa siku unayonunua, mwezi wa pili inabanduka magamba. Ikunje pale kifundoni, uitazame karibu. Ukiona vinyufa kama vya udongo mkavu, mrudishie. Soli za namna hiyo nazo hupasuka na kumomonyoka ghafla, ukiwa njiani. Zipu ivute juu na chini mara kadhaa, tena mguu ukiwa ndani. Zikiwa na herufi YKK, ya Wajapani wale, mimi naamini zaidi. Kubadilisha zipu ya buti refu si bei ya zipu ya sketi.

Na kama umelipenda buti lakini ni refu? Fundi viatu anaweza kulikata mdomoni. Masharti yake: juu pasiwe na nakshi wala lastiki, na zipu lazima afungie kizuizi kipya, la sivyo kivuta kitatoka mkononi kwako. Upana anaweza kupunguza kwenye mshono wa nyuma. Kisigino usimruhusu akate zaidi ya sentimita moja. Kikipungua zaidi, ncha ya mbele inainuka na unatembea kama unapiga breki. Patana bei kabla hujaacha mzigo, hilo mnalijua.

Kuvaa sasa. Rangi: sote tunakimbilia nyeusi, na nyeusi na taiti nyeusi inafanya kazi. Lakini ukitaka kuvaa buti na miguu wazi, tafuta kahawia inayokaribiana na ngozi yako mwenyewe. Sisi wenye ngozi nyeusi na maji ya kunde tuna bahati hapa, mabuti ya kahawia yamejaa, na macho ya mtu hayaoni mguu unaishia wapi na buti linaanzia wapi. Buti jeupe kwenye mguu mweusi linapendeza, ila linahesabu sentimita zako hadharani.

Sketi ama ifunike mdomo wa buti, ama iishie juu ya goti kabisa. Kinachotuua ni kile kipande cha mguu cha vidole vitatu kinachochungulia kati ya pindo na buti. Sketi ndefu yenye mpasuo wa mbele ni rafiki yetu, ukitembea buti linaonekana lote, ukisimama linajificha. Kitenge kinakubali sana, chagua maua madogo, yale makubwa kama sinia yanamshinda mtu wa kimo changu. Blauzi ingiza ndani. Koti liishie kiunoni, au liwe refu na uliache wazi mbele. Jinzi iwe ya kubana, iingie ndani bila kutuna magotini.

Wapanda bodaboda, buti refu la ngozi linakukinga na eksozi. La plastiki litayeyuka, tena lililogusa bomba halitengenezeki. Na mvua ikinyesha, hebu tuheshimu gambuti letu la elfu kumi na tano. Usipeleke ngozi kwenye tope la Ngaramtoni ukitafuta urembo. Ikilowa, jaza magazeti ndani, weka kivulini mbali na jiko. Ya kabatini yasimamishe na chupa ya maji ya lita moja na nusu ndani, kimo chake kinatosha mabuti yetu.

Kwa hiyo la kauboi na la farasi yanabaki kwangu. Hili la kuvuka goti nalituma Moshi kwa mdogo wangu, yeye amenizidi inchi tano, na ana sherehe ya jioni Jumamosi. Wenye namba 34 na 35, nawajua mlivyo na hasira na masoko yetu: wikendi hii nakwenda Tengeru kuchimba fungu la watoto tu, nitawaonyesha nilichokipata, na bei nitaitaja.