Vyuo vikuu vya umma Mbeya na Iringa: masomo yanaridhisha, huduma za ofisini bado

Mzazi wa Nyanda za Juu Kusini anayemtafutia mwanawe chuo kikuu cha umma halazimiki tena kumpeleka Dar es Salaam. Jijini Mbeya kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST), pamoja na kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe, ambacho makao yake makuu yako Morogoro. Iringa kipo Mkwawa, chuo kikuu kishiriki cha elimu kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

MUST ndicho ninachokipa alama za juu. Kilianza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi, kikawa taasisi mwaka 2005, kisha mwaka 2012 kikapandishwa hadhi kuwa chuo kikuu, na asili yake ya ufundi haijafutika. Katika karakana utamkuta mwanafunzi aliyevaa ovaroli amesimama kwenye mashine ya kukereza vyuma, wenzake wakisubiri zamu, na mwalimu akikikagua kipande kilichokwisha kukerezwa kabla ya kuruhusu kingine kifungwe. Zamu hizo ni ndefu, na ningependa mashine ziongezwe. Hata hivyo, mhandisi aliyezoea kushika chuma tangu chuoni hafundishwi upya kazini. Chuo hiki kinaendelea pia kutoa stashahada, jambo la heri kwa kijana ambaye hakupitia kidato cha sita.

Mkwawa kilianzishwa mwaka 2005, katika majengo ya iliyokuwa shule ya sekondari yenye jina hilo, kwa sababu nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa walimu wa sekondari. Wahitimu wake hutunukiwa shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile ile wanayopewa wenzao wa Mlimani, na kwa anayetaka ualimu sioni sababu ya kukikwepa. Mwanafunzi aende na blanketi zito, kwani baridi ya Iringa ya Juni na Julai si ya mchezo.

Linalonisikitisha ni huduma za ofisini. Mpwa wangu, aliyesoma katika kampasi ya chuo kimoja cha umma ambacho sitakitaja, alihitaji transkripti ili aombe kazi. Akaelezwa kuwa saini na muhuri hutolewa makao makuu, akapanda basi usiku kucha kuifuata karatasi hiyo, na muda wa maombi ukampita. Haifai kuwasogezea wananchi madarasa huku mamlaka ya kutia saini yakiachwa mkoa mwingine.

Hosteli nazo hazitoshi, hivyo wengi hupanga vyumba mitaani, ambako wenye nyumba hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Fedha za Bodi ya Mikopo zinaweza kuchelewa kuingia mwanzoni mwa muhula. Mzazi aiandae kodi hiyo mapema, kabla mtoto hajaondoka nyumbani.