Miaka mitatu ya stashahada ya kompyuta Mtwara: uzoefu wangu

Nilijiunga na chuo kimoja cha kati mjini Mtwara mwezi Oktoba 2021, nikitokea kijiji cha wakulima wa korosho wilayani Tandahimba, nikiwa na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachotakiwa kwa Astashahada ya Awali. Jina la chuo silitaji, kwa kuwa mengi ninayoyalalamikia hapa sikuwahi kuyafikisha ofisini kwa maandishi, na si haki kumtuhumu mtu ambaye hukumpa nafasi ya kujibu.

Wengi huuliza kwanza kuhusu ngazi. Anayetoka kidato cha nne huanza ngazi ya 4, yaani hiyo Astashahada ya Awali, akapanda ya 5, na ngazi ya 6 ndiyo Stashahada. Kila ngazi huchukua mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza ulinichosha. Nilidhani nitaandika programu tangu wiki ya kwanza, kumbe sehemu kubwa ilikuwa kuandika barua na kutengeneza majedwali, pamoja na hisabati na stadi za mawasiliano. Kwa mwenzangu ambaye hakuwahi kushika kipanya, mwaka huo ulikuwa wa lazima. Mimi niliyekuwa nimefanya kazi katika duka la steshenari niliuona mrefu.

Mwaka wa pili ndipo nilipoanza kuona thamani ya ada. Mkufunzi wetu wa mitandao alikuwa na tabia ambayo mwanzoni tuliiona ni ukali tu: hakuruhusu mtu kugusa mashine kabla hajalimaliza swali ubaoni kwa chaki. Tuligawanya anwani za mtandao kwa mkono, biti kwa biti (biti ni tarakimu moja, 0 au 1), mpaka kila mmoja akaweza kueleza kwa nini mtandao wenye biti 26 za mwanzo zilizofungwa, kati ya 32 za anwani nzima, una anwani 64, na kwa nini ni 62 tu zinazoweza kupewa vifaa, kwa kuwa ya kwanza hutambulisha mtandao wenyewe na ya mwisho hutumika kutangazia vifaa vyote. Mitihani ilikuwa kwa Kiingereza, lakini yeye alifundisha kwanza kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kiingereza, na kwa sisi tuliosoma shule za kata huo ndio ulikuwa msaada mkubwa kuliko kitabu chochote.

Siku za umeme kukatika, ubao huo ndio uliotuokoa. Ni jambo la ajabu kidogo kukaa gizani katika mkoa ambao gesi yake ya Mnazi Bay ndiyo inayoendesha mitambo ya umeme wa hapa, lakini tulikaa. Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa maabara yenyewe. Katika ada yetu palikuwa na fungu la maabara, na bado tulikaa watatu kwa kompyuta moja, mmoja akiandika na wawili wakitazama. Anayetazama hajifunzi kuandika programu, kama vile anayetazama mchezo wa mpira asivyojifunza kupiga danadana. Nilinunua kompyuta mpakato iliyotumika baada ya msimu wa korosho wa 2022, na alama zangu za programu zilipanda muhula uliofuata.

Kuhusu malipo ninakisifu chuo bila kusita. Masomo huanza wakati minada ya korosho ndiyo kwanza inafunguliwa, na mkulima anayeuza kupitia stakabadhi ghalani, yaani anayekabidhi mzigo ghalani na kupewa risiti, husubiri mnada ufanyike ndipo fedha ziingie benki. Ofisi ya uhasibu ililielewa hilo, ikaturuhusu kulipa kwa awamu. Mzee wangu hakulazimika kuuza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wa bei ya chini, ili mimi nisajiliwe.

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa kanzidata, yaani mfumo wa kuhifadhi kumbukumbu kwenye kompyuta, ya kupokelea korosho katika chama cha msingi cha ushirika, na ndani yake nilijifunza mambo mawili ambayo mihadhara haikuyafikisha. La kwanza ni kwamba jina si utambulisho. Katika kijiji kimoja utawakuta wanachama watatu wenye majina matatu yanayofanana, na kwa kuwa nilikuwa nimetumia jina kama ufunguo wa kutofautisha kumbukumbu, mzigo wa mmoja ulifuta wa mwenzake katika majaribio. Nikabadilisha, kila mwanachama akapewa namba yake isiyorudiwa. La pili lilikuwa uzito. Katika lugha ya programu ya Python, ukijumlisha 0.1 na 0.2 unapata 0.30000000000000004, kwa sababu kompyuta huhifadhi desimali kwa mfumo wa jozi, wenye tarakimu 0 na 1 tu, na humo 0.1 haina mwisho, kama theluthi isivyo na mwisho katika desimali zetu za kawaida. Tofauti hiyo ni ndogo mno, ila katibu wa chama anayelinganisha jumla mbili hataki kusikia habari ya mfumo wa jozi. Niliacha kilo zenye nukta, nikahifadhi gramu kama namba kamili, na hesabu zikakubaliana.

Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na intaneti ikasuasua nchini, nilikuwa katikati ya mradi huo. Kwa bahati, mkufunzi wa programu alikuwa amepakua mapema maelezo yote ya Python, tukayagawana kwa flashi.

Je, ningelipa tena? Ningelipa, lakini kwa sharti la kufika na kompyuta yangu tangu mwaka wa kwanza, na baada ya kuhakiki usajili wa kozi yenyewe NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya kati, kwa sababu chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa ilhali kozi unayoitaka bado. Anayefikiria shahada baadaye ajue pia kwamba wastani wa alama (GPA) wa 3.0 ndio mlango wa kawaida kwa mwenye Stashahada, kwa hiyo ngazi ya 6 si ya kupumzika.

Mdogo wangu anaomba nafasi mwaka huu. Nimemshauri asiende siku ya maonyesho, bali siku ya kawaida katikati ya wiki, aombe kuonyeshwa maabara, na ahesabu mashine zinazowaka.