WOOP kwa anayejihujumu: zoezi zuri, ila usidanganye kwenye kizuizi

WOOP ni zoezi la hatua nne lililobuniwa na mwanasaikolojia Gabriele Oettingen wa Chuo Kikuu cha New York. Lina programu ya simu isiyolipiwa, ingawa karatasi na kalamu vinatosha kabisa. Jina limetokana na herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza wish, outcome, obstacle na plan; kwa Kiswahili hatua zenyewe ni tamanio, matokeo, kizuizi na mpango. Kwa mtu anayevuruga kazi yake mwenyewe kila inapokaribia kuiva, tunalipendekeza bila kusita.

Uzuri wake ni kwamba halimwachi mtu aelee kwenye ndoto. Mwaka 1991 Oettingen na Thomas Wadden walichapisha utafiti kuhusu wanawake waliokuwa wakipunguza uzito: waliojichorea picha tamu zaidi za mafanikio walipunguza kilo chache kuliko wenzao. Ndiyo maana matokeo yakishawazwa, kizuizi hufuata papo hapo. Usigeuze mpangilio huo. Ukianza na kizuizi ndipo uote, zoezi halishiki.

Hapo kwenye kizuizi ndipo wengi huliharibu. Huandika "sina muda" au "bosi ananibana", na zoezi halina mtu wa kuwaambia wafikiri upya. Kizuizi kinachotakiwa ni cha ndani. Chukua mtu mwenye ombi la kazi la kutuma Ijumaa. Jumatano usiku anafungua faili, anasoma aya ya kwanza, tumbo linakaza, mara yuko jikoni anaosha vyombo. Vyombo havina kosa. Anachokikwepa ni kutoa uwezo wake wote halafu akataliwe, abaki hana kisingizio. Steven Berglas na Edward Jones walilionyesha hili mwaka 1978: wanaume waliosifiwa kwa ushindi wasioweza kuueleza walielekea kuchagua dawa waliyoambiwa ingewapunguzia uwezo kwenye jaribio lililofuata. Kwa hiyo jiulize: muda ungekuwepo, bado ningekwepa? Jibu likiwa ndiyo, futa ulichoandika uchimbe tena.

Mpango nao uwe mmoja, wenye ishara unayoweza kuihisi na tendo dogo: "Nikifungua faili tumbo likakaza, nitaandika sentensi mbili, hata zikiwa mbaya, kabla ya kuinuka." "Nitajitahidi" si mpango. "Sitainuka" nayo ni dhaifu, kwa sababu inakukumbusha kile kile unachokikimbia na haikupi cha kufanya.

Kuna tahadhari. Asiyeamini kwamba anaweza hulegea zaidi akishakitazama kizuizi, hata kwa jambo lililo ndani ya uwezo wake. Huyo aanze na tamanio la saa 24, si la mwaka. Na palipo na sonona, ulevi au mawazo ya kujidhuru, hili si tiba. Aonwe mtaalamu.

Pengo lake kubwa ni siku ya pili baada ya kuteleza. WOOP haina hatua ya hapo, na anayejihujumu hupenda kujichapa kwa maneno, kisha akaachia kila kitu. Utafiti wa Michael Wohl na wenzake wa mwaka 2010 ulikuta wanafunzi waliojisamehe kwa kuahirisha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kabla ya uliofuata. Basi ongeza mstari wa tano mwenyewe: andika ulipoteleza, ishara gani ilikupita, kisha urekebishe sentensi ya mpango siku hiyo hiyo.